Magugu na Wadudu Kwenye Malisho: Mwongozo Kamili kwa Mfugaji wa Ekari Chache

Mkulima wa mahindi akiona shamba limeanza kujaa magugu, kesho yake yumo na jembe. Malisho hayana bahati hiyo. Nyasi huachiwa zijitetee zenyewe, na ng'ombe huharakisha uharibifu kwa sababu anachagua: anakula nyasi tamu kila zinapochipua na kuyaruka magugu machungu, hadi machungu yanabaki na shamba lote. Mfugaji anakuja kushtuka siku maziwa yamepungua, ndipo anakimbilia duka la pembejeo kuulizia dawa.

Dawa ina nafasi yake na nitaieleza. Lakini kwenye malisho gugu huanzia penye udongo ulio wazi, na udongo huwa wazi kwa sababu nyasi zimekatwa chini mno, zimelishwa bila kupumzishwa, zimenyimwa mbolea au zimedhoofishwa na wadudu. Ndiyo maana magugu na wadudu nimeviweka kwenye mwongozo mmoja. Anayepulizia dawa bila kuziba udongo ulio wazi atanunua dawa ileile msimu ujao.

Nimemlenga mfugaji wa Tanzania, na jirani yake wa Kenya, mwenye kuanzia robo ekari ya mabingobingo nyuma ya nyumba hadi ekari kumi au ishirini za nyasi za hei. Mabingobingo ni yale ambayo wengine huyaita majani ya tembo, na Kenya huitwa nepia.

Hatua ya 1: Pima shamba kwa miguu

Usiamue chochote ukiwa umesimama barabarani. Ukitazama kwa mbali, kijani chote ni kijani. Ingia shambani wiki mbili au tatu baada ya mvua kuanza, tembea kwa kukata kona kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kila baada ya hatua tano simama utazame ncha ya kiatu chako imegusa nini: nyasi nzuri, gugu, au udongo mtupu. Andika alama kwenye daftari. Ukifikisha alama 100 una asilimia zako bila hesabu yoyote.

Kipimo changu ni hiki. Nyasi nzuri zikizidi nusu, usilime. Pumzisha shamba, ng'oa magugu na uongeze mbolea, litarudi. Zikiwa chini ya robo, unajichosha bure kupalilia: lima upya. Zikiwa katikati ya hapo, fufua kwa kupandia mapengo. Udongo mtupu uhesabu kwa uzito uleule unaohesabia magugu, maana hapo ndipo magugu ya mwakani yatakapoota.

Ukiwa bado shambani, tazama na aina ya magugu. Ndulele zenye miiba na matunda ya manjano zikitapakaa, shamba limelishwa kupita kiasi. Kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mtama au mahindi ya malisho, hushamiri kwenye udongo uliochoka. Ndago zikitawala, mara nyingi shamba lililimwa-limwa na kuachwa wazi, na kila jembe lilikata vinundu vyake na kuvisambaza.

Hatua ya 2: Kufufua bila kulima

Kupumzisha ndiyo kazi ya kwanza, na watu wa huku hawakufundishwa na mtaalamu yeyote kuifanya. Wasukuma wana ngitili, Wamasai wana alalili: eneo linafungwa wakati wa mvua, linafunguliwa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulijengwa juu ya ngitili, na ardhi iliyokuwa imebaki vumbi ikarudi kuwa na nyasi na miti. Mwenye ekari tatu anaweza kufanya vilevile kwa kipimo chake. Gawa eneo la kulishia angalau vipande vinne, ng'ombe wale kimoja huku vitatu vinapumzika. Wakati wa mvua kipande kipate wiki nne hadi sita kabla ya kurudiwa. Kiangazi kinahitaji muda mrefu zaidi.

Penye mapengo makubwa, kwangua udongo kwa reki au jembe kina cha vidole viwili, tawanya mbegu pamoja na samadi iliyooza, kanyaga kwa miguu, kisha funika kwa matawi ya miiba. Miiba inazuia mbuzi na kuku, inapunguza ukali wa jua, na inashika majani makavu yanayotunza unyevu. Kwenye mteremko chimba vijaruba vya nusu mwezi vinavyotazama juu ya kilima ili maji yasimame pale ulipopanda.

Hatua ya 3: Kulima upya kwa njia ya kuyadanganya magugu

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kulima leo na kupanda kesho. Udongo una akiba ya mbegu za magugu, na trekta linapozigeuza zinapata mwanga na kuota pamoja na nyasi yako. Zenyewe zinakua haraka kuliko nyasi za malisho kama Rhodes au brakiaria, ambazo wiki za mwanzo ni dhaifu mno.

Kwa hiyo lima mapema, kabla ya mvua kukolea. Mvua ya kwanza ikinyesha, acha magugu yaote. Yakifika majani mawili hadi manne, yaue kwa kupitisha haro au jembe juujuu, usizidi sentimita tano, kwa sababu ukichimba zaidi unapandisha mbegu nyingine kutoka chini. Ukipata nafasi, rudia mara ya pili. Ndipo upande. Unaweza kupoteza siku kumi na nne za mvua, lakini unaokoa palizi mbili. Kama shamba lina sangari (nyasi-gugu linalotambaa) au ndago zilizoshika sana, hapo dawa ya magugu iitwayo glaifoseti inaweza kutumika kabla ya kupanda, ikipuliziwa kwenye majani mabichi yanayokua vizuri. Kwenye majani yenye vumbi au yaliyonyauka kwa ukame haifanyi kazi ipasavyo.

Mbegu nunua penye kueleweka. Tanzania serikali ina shamba la mbegu za malisho Vikuge, Kibaha, na taasisi ya utafiti wa mifugo, TALIRI, ina vituo kama Mpwapwa na Tanga ambako unaweza kuuliza mbegu na miche. Popote ulikonunua, mwaga konzi moja juu ya karatasi nyeupe uichambue kwa kidole. Mbegu za Rhodes ni nyepesi, zina manyoya, na nyingi huwa ganda tupu. Ukiona punje nyeusi za mviringo, vijiti au mbegu zenye ndoano, umeuziwa magugu kwa kilo. Kisha hesabu mbegu 100, zilaze kwenye kitambaa kibichi ndani ya sahani, kitunze kisikauke, na baada ya wiki mbili hesabu zilizoota. Ni jaribio la bure na linakwambia uongeze mbegu kiasi gani.

Kwa Boma Rhodes panga kilo 4 hadi 6 kwa ekari. Usizifukie zaidi ya sentimita mbili. Mbegu ndogo ikizama haitoki. Na panda kwa mistari, hata kama kutupa kwa mkono ni rahisi zaidi. Rhodes changa inafanana na magugu ya jamii ya nyasi kiasi kwamba hata mzoefu anang'oa mazao akiacha adui. Ukiwa na mstari, chochote kilicho nje ya mstari ni gugu.

Hatua ya 4: Wiki kumi za mwanzo

Hapa ndipo malisho mengi hushindwa au hufanikiwa. Palizi ya kwanza iwe wiki ya tatu hadi ya nne, ya pili kabla nyasi hazijaziba nafasi kati ya mistari. Palilia asubuhi siku yenye jua, ili magugu uliyoyang'oa yakauke juu ya ardhi. Ukipalilia siku ya mawingu na udongo mbichi, kongwa na sangari hushika mizizi upya palepale ulipoyatupa. Hayo yatoe nje ya shamba.

Magugu ya majani mapana yakizidi mikono yako, kata kwa fyekeo juu ya kimo cha nyasi. Magugu mengi ya mwaka mmoja yanavumilia vibaya kukatwa, wakati nyasi huchipua kutoka chini.

Usiingize ng'ombe hadi nyasi zishike. Jaribio lake ni rahisi: shika konzi ya nyasi, ivute kwa nguvu huku ukiisokota kidogo, kama ng'ombe anavyovuta kwa ulimi. Majani yakikatika na shina likabaki ardhini, ruhusu walishwe kidogo kidogo. Mche ukitoka na mizizi yake, funga geti usubiri.

Hatua ya 5: Kata kwa kipimo

Mabingobingo yakate yakiwa na kimo cha karibu mita moja, kwa kawaida kila wiki sita hadi nane wakati wa mvua, na uache kisiki cha sentimita 5 hadi 10. Rhodes na brakiaria uziache na sentimita 10 hivi. Panga likigusa udongo, shina linatumia akiba yote ya mizizi kuchipua tena, na katika wiki za udhaifu zinazofuata mwanga unafika chini na magugu yanaamka. Kila ulichokata kimeondoka na rutuba, kwa hiyo baada ya kila mkato rudisha samadi kati ya mistari.

Samadi yenyewe iwe imeiva. Mbegu nyingi za magugu hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Lundo lililorundikwa vizuri, likapata unyevu na kugeuzwa kila baada ya wiki chache, hupata joto linaloua nyingi kati yake. Ukigeuza, hakikisha yaliyokuwa pembeni yanaingia katikati, maana pembeni hakuna joto.

Kati ya mistari ya mabingobingo panda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde. Inatambaa, inaziba udongo, inaongeza naitrojeni na ni chakula kizuri cha ng'ombe wa maziwa. Kwenye mahindi na mtama ina kazi nyingine tena: mizizi yake hutoa kemikali zinazochochea mbegu za kiduha kuota halafu kuzizuia zisishike mizizi ya mazao, kwa hiyo zinakufa zikiwa changa. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya, pembeni mwa Ziwa Victoria, ndio walioujenga mfumo huu: desmodiamu kati ya mahindi kuwafukuza vipekecha shina, mabingobingo au brakiaria pembeni kuwavuta. Kipekecha anataga kwenye mabingobingo, na watoto wake wengi hufia humo. Kwa mfugaji mwenye ekari moja sioni mpango unaolipa zaidi ya huu, kwa sababu kila mmea unaolinda mahindi unaishia horini.

Magugu yasiyopewa nafasi hata siku moja

Gugu karoti ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Arusha na Kilimanjaro wanalijua. Likiwa changa limelala chini, majani yamechanika-chanika kama ya karoti. Kisha linasimama, linaweza kupita mita moja, na kutoa vichwa vidogo vyeupe vya maua. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, na zinakaa udongoni miaka. Linatoa maua mapema sana, wiki nne hadi sita tangu kuota hali ikiwa nzuri, kwa hiyo anayepita shambani mara moja kwa mwezi amechelewa. Ng'ombe akilila, maziwa yanakuwa machungu. Watu wengine huwashwa ngozi na kubanwa kifua.

Ling'oe kabla ya maua, udongo ukiwa mbichi, na mzizi wote. Vaa glavu, nguo ya mikono mirefu na barakoa. Usiwatume watoto kazi hii, na aliyewahi kuwashwa asiliguse tena. Likiwa limeshatoa maua, kata vichwa taratibu, weka ndani ya mfuko, funga, choma. Kisha panda nyasi papo hapo, maana shimo uliloacha ndilo kitalu chake. Tazama zaidi kandokando ya barabara, mahali panaposhushwa mchanga na kokoto, na kwenye kijito; mbegu husafiri kwa matope ya matairi na kwa maji.

Lantana inapendeza kwa maua, na kwa sababu hiyo wengine waliipanda kama uzio. Ng'ombe huikwepa hadi kiangazi kikali au anapohamishiwa shamba geni, ndipo anaila na ini linaharibika. Macho hugeuka manjano, na ngozi isiyo na rangi nyeusi hubabuka juani. Kuifyeka ni kuipogoa. Chimba kwa sululu utoe kichwa cha mzizi, sentimita 15 chini ya ardhi, na urudi mvua inayofuata kuzing'oa mbegu zilizoota chini yake.

Mnanaha, mmea wa sumu wenye tunda la miiba na harufu nzito, ukiwa mbichi mifugo huuacha. Hatari inakuja ukikatwa pamoja na hei au mahindi ya saileji (malisho mabichi yaliyofungiwa yachachuke), kwa sababu ndani ya robota ng'ombe hawezi kuchagua. Pita ung'oe kila mmoja kabla mashine haijaingia.

Mathenge, mti wa miiba uitwao pia prosopis, ni somo la Baringo, Kenya. Uliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, na ukaishia kuziba malisho, kuharibu meno ya mbuzi wanaokula maganda yake matamu, na kuwafanya wananchi waishtaki serikali mahakamani Nairobi, ambako mbuzi asiye na meno aliletwa kama ushahidi. Ukiupata ukiwa na kimo cha goti, ng'oa na mzizi. Ukishakuwa mti, kata chini kabisa, pakaa dawa kwenye kisiki kibichi dakika hizohizo, na tumia mbao kwa mkaa.

Lusini, malisho ya jamii ya kunde yaitwayo pia alfalfa, ina adui wake peke yake: mmea wa nyuzi za manjano usio na majani, unaojisokota kwenye mashina na kunyonya. Usijaribu kuuchambua kwa vidole. Kata lusini yote yenye nyuzi na mita moja kuizunguka, hadi usawa wa ardhi, ichome palepale bila kuiburuta shambani.

Dawa ya magugu: lini na vipi

2,4-D huua majani mapana na kuacha nyasi. Sharti la kwanza: nyasi iwe imeshika, imefika majani matano na kuanza kutoa machipukizi, ukiipulizia ikiwa changa unaidumaza. La pili: desmodiamu na lusini ni majani mapana, nazo zitakufa. La tatu: upepo. Dawa hii ikipeperuka kwa jirani inaharibu nyanya, maharage, pamba na mizabibu, na ugomvi wake hauishi haraka. Pulizia asubuhi hewa ikiwa imetulia.

Kuna lingine lisilosemwa sana. Magugu yenye sumu yaliyopuliziwa hunyauka, na yakinyauka ng'ombe huanza kuyapenda. Ondoa mifugo hadi yakauke kabisa, hata kama siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko ni chache zaidi.

Soma pia jina la kiambata, yaani kemikali yenyewe inayoua magugu. Ukiona piklorami, jua dawa hiyo inadumu: inapita kwenye nyasi, inapita tumboni mwa ng'ombe, inatoka kwenye samadi ikiwa bado na nguvu. Samadi hiyo ukiiweka kwenye bustani, nyanya na maharage yanajikunja na kufa. Mwenye shamba la malisho pamoja na bustani ya mboga aiepuke kabisa.

Kipimo cha bomba watu hukisia, ndiyo maana dawa "haifanyi kazi". Fanya hivi. Pima eneo la mita 10 kwa 10. Weka lita 5 za maji matupu kwenye bomba, pulizia eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyobaki. Tuseme umetumia lita 2.5. Ekari ina maeneo kama hayo 40, kwa hiyo utatumia lita 100 kwa ekari, yaani mabomba matano ya lita 20. Kibandiko kikisema lita moja ya dawa kwa ekari, kila bomba linapata mililita 200. Akibadilika mpuliziaji au pua ya bomba, pima upya.

Nunua dawa iliyosajiliwa, yenye namba ya usajili kwenye chupa. Tanzania msimamizi ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu yenye makao Arusha, na Kenya ni bodi ya PCPB. Chupa iliyojazwa upya dukani iache hukohuko.

Viwavijeshi

Kuna aina mbili, na ukizichanganya utapigana vita isiyo yako. Viwavijeshi wa siku zote hushambulia jamii ya nyasi: malisho ya asili, Rhodes, mtama, mpunga, mahindi. Huja kwa makundi mvua zinapoanza. Nondo husafiri na upepo usiku, na dhoruba za mvua huwashusha pamoja mahali pamoja, ndiyo sababu kijiji kimoja kinaliwa na cha jirani kinasalimika. Viwavijeshi vamizi, waliogundulika Afrika mwaka 2016, hupenda zaidi mahindi na mtama na hujificha katikati ya mmea, pale majani machanga yanapochomoza. Mtazame kichwani: vamizi ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyojipanga kama pembe za mraba.

Kazi ni kuwaona wakiwa wadogo. Kiwavi anakula kwa wiki mbili hadi tatu, na sehemu kubwa ya majani anaimaliza katika siku zake za mwisho. Anapokuwa mweusi, mnene, anatembea mchana kwa makundi, uharibifu umekaribia kwisha na yeye yuko njiani kuingia udongoni kuwa buu. Kumpulizia wakati huo ni kupoteza fedha. Kwa hiyo tangu wiki ya kwanza ya mvua ingia shambani alfajiri, achanisha nyasi hadi chini, tafuta majani yaliyokwanguliwa yakabaki ngozi nyeupe inayopitisha mwanga, na vinyesi vidogo vya kijani kwenye makutano ya jani na shina. Wilayani Kilosa vijiji viliwahi kufundishwa kutumia mitego ya harufu ya kuwanasa nondo dume na kujitabiria mashambulizi wenyewe. Kama afisa ugani wako anaweza kupata mtego, mmoja unatosha kijiji.

Ukiwakuta wakiwa wadogo na nyasi iko karibu kukatwa, kata leo, ubebe au utengeneze saileji. Wakiwa wanakuja kutoka kwa jirani, chimba mtaro wenye ukuta uliosimama wima upande wa shamba lako. Wengi wataishia humo na utawaponda. Dawa ikilazimu, ya bakteria wa Bt au ya mwarobaini ni salama zaidi kwa chakula cha ng'ombe, lakini zote mbili hufanya kazi kwa viwavi wadogo, na zipuliziwe jioni. Ukiona viwavi wengi wamekufa wakiwa wananing'inia kwenye ncha za nyasi, wamelegea, ukiwagusa wanapasuka maji, weka bomba chini: ni ugonjwa wa virusi wa viwavi wenyewe, na utamaliza kazi.

Shamba lililotoka kuliwa usirudishie ng'ombe mara moja. Vifo vya ng'ombe kwenye nyasi zilizoshambuliwa vinajulikana, hasa zilizoanza kuchipua upya. Subiri angalau wiki moja.

Wadudu wengine, kwa kifupi

Mchwa huvutwa na majani makavu, na husumbua zaidi pale ambapo ng'ombe wamemaliza kila kitu na wao wamebaki na nyasi zako hai tu. Kuacha mabaki kidogo kiangazi kunawapa chakula kingine. Kichuguu kilicho shambani kichimbwe hadi umpate malkia. Marobota yapange juu ya magogo, sentimita 30 kutoka ardhini, mbali na ukuta.

Utitiri mwekundu huishambulia brakiaria kiangazi: jani linapata madoa meupe, na chini yake kuna utando mwembamba. Kata, lisha, mwagilia kama una maji. Vidukari wa lusini nao jibu lao ni kukata mapema. Fuko akikata mizizi ya mabingobingo, mtege kwenye njia yake mbichi, usitie sumu.

Mabingobingo yanapodumaa

Ugonjwa wa kudumaa unasababishwa na fitoplasma, kiumbe mdogo anayeenezwa na mdudu mrukaji wa majani. Ulionekana magharibi mwa Kenya miaka ya 1990, kisha Uganda na Tanzania. Unachokiona ni hiki: baada ya kukatwa, shina linatoa machipukizi mengi membamba, majani madogo ya manjano, pingili fupi, na kimo hakipiti goti. Hila yake ni kwamba dalili mara nyingi hujitokeza baada ya kukatwa, wakati mwingine mara kadhaa. Shamba ambalo halijawahi kukatwa haliwezi kukuthibitishia lolote. Pingili za kupanda chukua kwenye shamba lililokwishakatwa zaidi ya mara moja na likachipua vizuri.

Shina lenye dalili ling'oe lote, likaushe, lichome. Mbolea haiponyi, na kuliacha "liendelee kidogo" ni kulisha wadudu wanaobeba ugonjwa kwenda mashina mengine. Penye maambukizi makubwa, badilisha kwa gwatemala au nyasi nyingine kwa misimu kadhaa.

Fugwe ya mabingobingo, ugonjwa wa ukungu, ni tofauti: shina linakuwa jembamba, linatoa kichwa cha maua mapema, kikiwa kimejaa unga mweusi. Unga huo ni mbegu za ukungu na husambaa kwa upepo. Vika kichwa mfuko wa plastiki kabla ya kukikata, ng'oa shina, choma. Kenya zipo aina zinazovumilia, Kakamega 1 na Kakamega 2. Uliza KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya, au mfugaji anayezilima.

Hei ya kununua

Shamba safi huingiziwa magugu getini, na mara nyingi ni kiangazi, wakati mfugaji hana uchaguzi. Kabla ya kulipa, fungua robota moja lililo katikati ya lundo, siyo la juu, utafute vichwa vyeupe vya gugu karoti, matunda ya miiba na ukungu. Muulize muuzaji limekatwa wapi na kama lilipuliziwa dawa, na dawa gani. Lisha hei ya nje sehemu moja tu, ndani ya zizi au kwenye hori, usiitawanye malishoni. Ng'ombe wapya kutoka eneo lenye gugu karoti wakae zizini siku chache wakilishwa chakula safi kabla ya kuachiwa, na samadi ya siku hizo irundikwe peke yake. Mahali gari liliposhusha paandike kwenye daftari. Mvua ya kwanza ikinyesha, pakague kila wiki kwa miezi mitatu, ukiwa na jembe mkononi.